Gari la Zamani, Nyumba ya Zamani: Safari za Karavani katika Barabara za Uingereza



Kila mwaka, baridi inapokwisha na jua la mwezi wa Mei kuanza kukausha barabara za mashambani nchini Uingereza, huonekana jambo ambalo mgeni aliyetoka Mombasa, Muscat au Bujumbura hulitazama kwa mshangao. Gari dogo la miaka ya 1950, lenye taa za mviringo na rangi iliyopauka, hupanda kilima taratibu huku likivuta nyumba. Ni nyumba kweli, yenye mlango, madirisha, mapazia, jiko na vitanda, iliyowekwa juu ya magurudumu mawili. Nyuma yake hufuata msururu wa magari ya kisasa yanayosubiri nafasi ya kupita. Baadhi ya madereva hupunga mkono kwa furaha, na wengine hupiga honi kwa hasira.

Nyumba hiyo huitwa karavani. Wanaozipenda zilizo kongwe, na kuzivuta kwa magari ya rika lake, ni watu wachache lakini wenye ari kubwa. Je, ni nini kinachowafanya waache starehe ya gari jipya na kuchagua safari ya mwendo wa kobe? Na je, safari hiyo ni salama kwao na kwa wenzao barabarani? Maswali hayo mawili ndiyo kiini cha makala haya.

Kwanza, jina lenyewe. Neno hilo lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya awali ni ile ile ambayo Mswahili huiita msafara: kundi la watu na wanyama wanaovuka nchi pamoja kwa usalama. Wazee wa pwani ya Afrika Mashariki waliijua misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji, yenye mamia ya wapagazi. Waingereza walilichukua neno hilo, wakalipunguza ukubwa pole pole, hata likabaki kuwa chumba kimoja kinachovutwa barabarani. Hata neno lao la kuita gari dogo la mizigo, yaani "van", ni kipande kilichokatwa kutoka katika neno hilo hilo.

Mtu anayetajwa kuwa mwanzilishi wa safari za karavani kwa ajili ya mapumziko ni daktari wa Kiskoti, William Gordon Stables. Kabla ya kuwa mwandishi wa vitabu vya vijana, Stables alikuwa tabibu katika jeshi la wanamaji la Uingereza, na alihudumu katika manowari zilizokuwa zikiyasaka majahazi ya watumwa kwenye pwani ya Msumbiji. Aliporejea kwao na kustaafu, bahari haikumtoka moyoni. Mwaka 1885 aliiagiza kampuni moja ya mabehewa ya mji wa Bristol imtengenezee gari la mbao za mahogani, akaliita "Wanderer", yaani Mzururaji. Lilikuwa na uzito wa karibu tani 2, likivutwa na farasi wawili. Alisafiri nalo kutoka kijiji cha Twyford, magharibi ya London, hadi Inverness, kaskazini ya Scotland. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo, na ndani yake alikiita chombo chake mashua ya nchi kavu. Mwaka 1907 wapenzi wa safari za namna hiyo waliunda klabu yao, ambayo ingali hai hadi leo.

Farasi waliondoka, injini ikaingia. Vita vya kwanza vya dunia vilipomalizika, mwaka 1919, kampuni ya Eccles ya mjini Birmingham ilianza kutengeneza karavani za kuvutwa na magari na kuziuza kwa umma. Wateja wa mwanzo walikuwa matajiri, kwani gari lenyewe lilikuwa anasa. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya vita vya pili. Sheria ya mwaka 1938 ilikuwa imefungua njia kwa wafanyakazi wengi kupata likizo yenye malipo, na mwezi Mei mwaka 1950 mgawo wa petroli uliowekwa wakati wa vita ukaondolewa. Ghafla fundi wa kiwandani na mwalimu wa shule wakajikuta na wiki moja au mbili za mapumziko, gari dogo, na hamu ya kuiona bahari.

Aliyeisoma hamu hiyo kuliko wengine ni Sam Alper, mtengenezaji wa karavani zilizoitwa Sprite. Alitaka karavani iwe nyepesi na ya bei nafuu, ili ivutwe na gari la familia ya kawaida. Ili kuthibitisha kwamba wepesi si udhaifu, alizivuta mwenyewe katika safari ndefu za majaribio, zikiwemo za kuzunguka nchi za bahari ya Mediteranea. Karavani za Sprite ziliuzwa kwa maelfu, na ndizo ambazo leo hii hupatikana mara nyingi nyuma ya vibanda vya mashambani, zimefunikwa na majani na kuota ukungu.

Sasa, wapenzi wasikilizaji, tuiangalie kazi yenyewe. Chukueni mfano wa gari ambalo wengi wenu mnalijua, kwani lilipita pia katika barabara za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam: Morris Minor. Gari hilo lilibuniwa na mhandisi Alec Issigonis, mzaliwa wa mji wa Izmir, Uturuki. Lilizinduliwa mwaka 1948, na hadi uzalishaji wake ulipomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1970, zaidi ya magari milioni 1.6 yalikuwa yametengenezwa. Matoleo yake ya mwisho, kuanzia mwaka 1962, yana injini ya ujazo wa sentimita 1,098 na nguvu za farasi 48. Leo hata magari mengi madogo ya mjini huizidi nguvu hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya ndoano haijafungwa, hesabu hutangulia. Waingereza wana kanuni inayopendekezwa kwa wanaoanza: uzito wa karavani pamoja na vyote vilivyomo usizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linaloivuta. Morris Minor ina uzito wa kilo 750 hivi. Asilimia 85 ya hizo ni kilo 640 kwa makadirio. Katika hesabu hiyo imo karavani yenyewe, mtungi wa gesi, vyombo, matandiko, chakula na viti vya kukunja. Ndipo mwenye gari anapogundua kwamba sufuria nzito ya chuma aliyorithi kwa bibi yake itabaki nyumbani.

Hesabu ya pili ni ya uzito unaoikalia ndoano. Karavani haitakiwi kulala sawasawa juu ya magurudumu yake kama mizani. Sehemu yake ya mbele inatakiwa iiegemee ndoano ya gari kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote. Kwa karavani yenye kilo 500, hiyo ni kati ya kilo 25 na 35. Wengi huupima kwa mizani ile ile ya kujipimia uzito wa mwili, wakisimamisha kipande cha mti kati ya mizani na kiungio. Ukipungua, karavani huanza kuyumba; ukizidi, gari hukaa kitako, mwanga wa taa zake huelekea mbinguni, na magurudumu ya mbele hupungukiwa na nguvu ya kuishika barabara.

Hatari ambayo kila mvutaji wa karavani huiogopa ni ile ya kuyumba kama mkia wa nyoka. Upepo wa lori linalopita, au mteremko ulioteremkwa kwa kasi, huisukuma karavani upande mmoja. Ikirudi, hupitiliza upande wa pili, na kila mrudio huwa mkubwa kuliko uliotangulia. Silika ya dereva ni kukanyaga breki kwa nguvu au kuupigania usukani, na yote mawili huongeza balaa. Ushauri ni kuondoa mguu pole pole kwenye mafuta, kuushika usukani ukiwa umenyooka, na kuuacha mwendo upungue wenyewe. Lakini kinga iliyo bora hufanyika kabla ya safari: vitu vizito huwekwa chini, karibu na ekseli, na vyepesi ndivyo hupandishwa makabatini.

Breki nazo zina hadithi yake. Morris Minor hutumia breki za dramu katika magurudumu yote manne, wala haina kifaa cha kuusaidia mguu wa dereva. Karavani nyingi hujifunga breki zenyewe: gari linapopunguza mwendo, karavani huisukuma ndoano, na msukumo huo huvuta fimbo inayofunga breki za magurudumu yake. Ni ubunifu mzuri, ila una kasoro moja. Dereva anaporudi nyuma, msukumo ni ule ule, na karavani hudhani kwamba inatakiwa isimame. Katika karavani za kale lazima mtu ashuke, aende kwenye kiungio, na kukizuia kwa mkono kabla gari halijaanza kurudi nyuma. Ndiyo maana katika viwanja vya kambi huonekana mume akiwa kwenye usukani na mke amesimama kando ya ndoano, au kinyume chake, wakizungumza kwa ishara za mikono. Wenyeji husema kwa mzaha kwamba ndoa iliyoweza kuiegesha karavani ya kale bila ugomvi haivunjwi tena na jambo lolote.

Ndoano yenyewe yataka jicho kali. Tufe la kuvutia linalotumika siku hizi lina upana wa milimita 50. Karavani nyingi za Kiingereza za zamani zilitengenezewa tufe la inchi 2, yaani milimita 50.8. Tofauti hiyo ni chini ya milimita moja, na kwa macho haionekani. Hata hivyo kiungio kilichotengenezewa tufe kubwa, kikikaa juu ya tufe dogo, hucheza, na kinachocheza huweza kuchomoka. Kwa sababu hiyo hufungwa pia waya au mnyororo wa akiba, ili likitokea la kutokea, karavani isijiendee peke yake katikati ya watu.

Umeme nao ni mtihani. Katika magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule, Morris Minor ikiwemo, upande chanya wa betri ndio uliounganishwa na bodi, kinyume na magari ya leo. Anayechomeka taa na vifaa vya kisasa bila kulijua hilo huweza kuviunguza kabla hajatoka nje ya lango lake. Isitoshe, dinamo ya zamani huzalisha umeme mchache, na taa za karavani huongeza mzigo juu yake.

Hata hivyo, adui mkubwa wa karavani ya kale hayuko barabarani. Adui huyo ni maji. Chini ya ngozi ya alumini iliyong'arishwa mna kiunzi cha mbao na kuta za plaiwudi. Gundi iliyoziba maungio ya paa hukauka baada ya miaka, tone la mvua hupenya kupitia tundu la skurubu, na mbao huanza kuoza kimya kimya mahali ambapo jicho halifiki. Wanunuzi wenye uzoefu hutembea na kipimo cha unyevu, hubonyeza pembe za ukuta kwa kidole gumba, na hunusa ndani ya makabati kabla ya kuuliza bei. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye karavani ya kale hulazimika kujenga ukuta kwa maana halisi ya neno, pamoja na paa na sakafu.

Na hapa, wapenzi wasikilizaji, ndipo lilipo jambo zito zaidi. Tangu mwezi Mei mwaka 2018, gari lililotimiza miaka 40 nchini Uingereza, na ambalo halikufanyiwa mabadiliko makubwa, halilazimiki tena kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Karavani za kuvutwa na magari ya kawaida, nazo, hazina ukaguzi wa lazima. Maana yake ni kwamba vyombo viwili vyenye jumla ya umri wa miaka 120 vinaweza kuingia barabarani vikiwa vimefungamana, bila ya mkaguzi yeyote wa serikali kuvitazama uvunguni. Aidha, tangu mwezi Desemba mwaka 2021, hata waliopata leseni baada ya mwaka 1997 wanaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 bila ya mtihani wa ziada.

Je, huo ni uhuru au ni mtego? Wanaoutetea msamaha huo husema kwamba mwenye gari la kale hulijua kuliko fundi kijana ambaye hajapata kuiona kabureta, na kwamba magari hayo hutembea maili chache tu kwa mwaka. Wanaoupinga hujibu kwamba mapenzi si kipimo cha breki. Jambo moja halina ubishi: sheria iliondoa ukaguzi, haikuondoa wajibu. Anayeendesha gari katika hali ya hatari anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500, na leseni yake kuandikwa pointi 3 za makosa. Kwa hiyo wengi walio waangalifu hulipeleka gari kwenye ukaguzi kila mwaka kwa hiari yao, kana kwamba msamaha haukutolewa.

Mfano wa wazi ni tairi. Karavani hutembea wiki chache kwa mwaka, na miezi mingine yote husimama mahali pamoja. Kashata za tairi zake hubaki mpya, na mnunuzi huridhika. Lakini mpira huzeeka kwa jua na kwa kusimama, na ubavu wa tairi huweza kuwa na nyufa ilhali kashata zinang'aa. Ushauri wa wataalamu ni kuzibadilisha zikifika takriban miaka 5, na zisizidi 7 kwa hali yoyote. Tairi linalopasuka katika mwendo wa maili 50 kwa saa halimuulizi dereva kama aliipenda karavani yake.

Petroli nayo imebadilika. Tangu mwezi Septemba mwaka 2021, petroli ya kawaida nchini humo ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, ambayo hula mipira na mabomba ya magari ya kale. Wenye magari hayo hununua petroli ya daraja la juu, yenye ethanoli kidogo zaidi, ambayo ni ghali.

Barabarani, sheria inamruhusu anayevuta karavani kwenda maili 60 kwa saa katika barabara kuu, na 50 katika barabara za kawaida za njia mbili. Katika barabara kuu zenye njia tatu haruhusiwi kuingia njia ya kulia kabisa. Morris Minor yenye karavani haihitaji katazo hilo: vilima hulitekeleza kwa niaba ya polisi. Dereva hujifunza kusoma nchi mapema, kushusha gia kabla injini haijachoka, na kutazama kipimo cha joto kila mara. Maji yakikaribia kuchemka hufungua kipasha joto cha ndani ya gari, hata katikati ya kiangazi, ili kupunguza joto la injini. Abiria hutoka jasho, lakini rejeta hupona. Wakati wa kuteremka, gia ndogo hutumika kuzuia mwendo, kwani breki za dramu zikipata moto hulegea, na mguu hukanyaga bila kupata jibu.

Viko vilima ambavyo hekima ni kuviacha. Katika jimbo la Yorkshire kuna mteremko uitwao Sutton Bank, ambao mwinamo wake ni wa mita 1 kwa kila mita 4. Karavani zimepigwa marufuku kupita hapo, ziwe mpya au za kale. Mwenye karavani huzunguka kwa njia nyingine, na kwake yeye kuzunguka si hasara. Mwenda pole hajikwai, na anayekwenda pole huwaona kondoo, makanisa ya vijijini na mito ambayo wenzake hupita bila kuijua.

Historia ya karavani iliwahi pia kuligusa bara la Afrika kwa namna ya kukumbukwa. Mwaka 1959, Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa karavani 41 za alumini kutoka Cape Town hadi Cairo. Familia za Kimarekani, nyingi zikiwa za wastaafu, zilivuka bara zima, zikipita Kenya na Ethiopia, mara nyingine zikiburura nyumba zao matopeni kwa nguvu za pamoja, hadi zilipoziegesha karibu na mapiramidi ya Giza. Kwa miezi ile michache, neno hilo la Kiajemi liliirudia maana yake ya kwanza: watu wengi wakivuka nchi pamoja, kila mmoja akimtegemea mwenzake.

Basi, ni nini kilicho hatarini? Jumba la kale la mawe lina serikali na taasisi za kulilinda. Karavani iliyotengenezwa kwa ajili ya fundi na mwalimu haina mlinzi isipokuwa mwenyewe. Ilijengwa iwe nyepesi na rahisi, haikujengwa idumu. Kila majira ya baridi yanapopita, nyingine huoza na kutupwa, na pamoja nayo hupotea ushahidi wa namna watu wa kawaida walivyoonja uhuru kwa mara ya kwanza baada ya miaka ya vita na mgawo. Kuiweka katika jumba la makumbusho ni kuihifadhi sura yake tu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusafiri. Lakini kila inaposafiri huchakaa, na kila inapoingia barabarani hubeba dhamana ya maisha ya watu wengine.

Wenye karavani hizo hawana jawabu moja kwa fumbo hilo. Walicho nacho ni desturi: kupima kabla ya kuondoka, kuzunguka chombo chote na kukigusa kwa mkono, kusimama kila baada ya muda na kuhisi kama magurudumu yamepata moto, na kuingia pembeni kuwapisha walio na haraka. Jioni, gari likishapoa na miguu minne ya karavani ikishateremshwa kwenye majani, birika huwekwa jikoni na taa ndogo huwashwa nyuma ya mapazia. Kesho yake, kabla ya ndoano kufungwa tena, hesabu huanza upya.